Mbolea Inayotoka Chooni

Nikisema bwenini kwamba mjomba wangu wa Wakiso hutia kinyesi cha watu kwenye migomba yake, wenzangu hutema mate. Ndio hao hao wanaokula matoke kila siku bila kuuliza yametoka shamba gani. Mimi nimekula ya mjomba tangu likizo za sekondari, na Krismasi nitayala tena.

Kampala ni mji wa vyoo vya shimo. Nyumba zilizounganishwa na mabomba ya maji taka ni chache. Shimo likijaa, huitwa gari la kunyonya. Tangu mwaka 2014 magari mengi humwaga mzigo wao Lubigi, kwenye mtambo uliojengwa kupokea meta za ujazo 400 za tope la vyoo kwa siku. Tope hutenganishwa na maji, hukaushwa, kisha wakulima hulinunua. Ndani yake mna naitrojeni na fosforasi ile ile tunayoagiza ng'ambo kwa dola. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mbolea, mjomba hakununua hata mfuko mmoja wa dukani.

Kwa hiyo wanaosema ni uchafu siwasikilizi. Samadi ya ng'ombe nayo ni nini?

Ugomvi wangu ni na wauzaji wanaosema, "Limekauka, ni salama." Nani kawaambia? Mayai ya minyoo huishi ndani ya tope kwa miezi mingi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006 inataka yasifike yai moja katika kila gramu ya tope kavu. Kama halikutibiwa kwa njia nyingine, katika nchi za joto kama yetu lihifadhiwe zaidi ya mwaka mmoja. Au livundikwe mpaka lipite nyuzi 50 za joto kwa wiki nzima. Mjomba alinunua mzigo wake kwa dalali. Hakuambiwa lilianza kukauka mwezi gani, na watoto wake hupalilia pekupeku.

Tena shimo la choo tumeligeuza jalala. Katika mbolea ya mjomba nimeokota vifuniko vya soda, nepi, na betri ya redio. Minyoo hufa siku moja. Madini ya betri hayafi. Jimbo la Maine, Marekani, lilipiga marufuku kumwaga tope la maji taka mashambani mwaka 2022, baada ya kukuta udongo na maji ya visima vina kemikali zisizooza. Mabomba yao yalibeba maji ya vyoo na ya viwanda pamoja. Nasi tukiwa bado na magari yanayonyonya vyoo peke yake, kwa nini tuchanganye?

Ndizi huning'inia juu, humenywa na hupikwa, kwa hiyo kwa migomba sikuwa na neno. Mwaka huu mjomba anataka kulitia kwenye nyanya. Hapo tuligombana, mpwa na mjomba, mpaka mama akaingilia.

Ninachodai ni karatasi moja kwa kila mzigo: tarehe ya kukaushwa, idadi ya mayai, kiasi cha risasi. Hadubini zipo. Muhula uliopita tulitazama mayai ya minyoo kwenye vioo vilivyotayarishwa kabla sijazaliwa. Nilipoomba kupima tope la mjomba nikajibiwa kwamba halimo katika mtaala, na sampuli yake bado iko chini ya kitanda changu, ndani ya mkebe wa Blue Band.