Lugha ya Nyumbani Mbele ya Jaji



Mzazi aliyerudi na uchovu wa kiwandani huwa mwepesi wa kumkatiza mtoto: "Sema vizuri!" Mwalimu naye, mwenye darasa lililofurika, hufanya vivyo hivyo. Leo napenda tumtazame mwanamke mmoja wa Marekani aliyetumia maisha yake ya usomi kuliuliza swali hili: je, huyo anayesahihishwa amesema vibaya kweli, au amesema lugha ambayo msahihishaji wake haijui?

Jina lake Geneva Smitherman. Alizaliwa mwaka 1940 huko Brownsville, katika jimbo la Tennessee, akakulia Detroit, mji wa viwanda vya magari ambako Wamarekani weusi wengi walihamia kutoka mashamba ya Kusini kutafuta kazi. Baba yake alikuwa mhubiri. Binti alisoma Kiingereza na Kilatini katika Chuo Kikuu cha Wayne State, lakini alipoitaka hati ya ualimu alikutana na kizingiti: mtihani wa matamshi. Akaanguka. Akapelekwa katika darasa la kutibu kasoro za usemi, akakaa humo pamoja na wenzake ambao kosa lao lilikuwa kutamka kama walivyotamka wazee wao. Mwalimu wa darasa hilo, kwa kuwa hakuona ugonjwa wa kutibu, mwishowe aliwafundisha tu namna ya kuufaulu mtihani. Hebu fikiri: msichana amejifunza Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, kisha anaambiwa kwamba ulimi wake ni mgonjwa.

Alifundisha katika shule za sekondari za Detroit, akapata udaktari wa falsafa mwaka 1969 katika Chuo Kikuu cha Michigan, na mwaka 1977 akatoa kitabu chake Talkin and Testifyin, kinachoeleza lugha ya Wamarekani weusi, kanuni zake, mizizi yake ya Kiafrika na balagha yake.

Kanuni, nasema, kwa maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunayo bahati ya kulielewa jambo hili upesi. Mtu akikuambia "Mama yuko kazini", umejua alipo mama sasa hivi. Akisema "Mama huwa kazini", umejua desturi yake, ingawa dakika hii huenda yumo jikoni. Kiingereza cha Wamarekani weusi kinatofautisha mambo hayo mawili kwa kitenzi chenyewe, kama afanyavyo Mswahili kwa kiambishi "hu". Kiingereza cha darasani hakina alama kama hiyo mahali hapo. Mara nyingi huongeza maneno mengine ili kuileta maana ile ile. Mtoto aliyeitamka tofauti hiyo barabara huandikiwa alama nyekundu kana kwamba amesahau sarufi.

Alama nyekundu si jambo dogo. Katika mji wa Ann Arbor, karibu na Detroit, watoto weusi wa familia maskini waliokaa katika nyumba za serikali za Green Road walisoma shule moja na watoto wa matajiri na wasomi. Shule ilikuwa nzuri. Watoto hao, hata hivyo, hawakujua kusoma, na baadhi yao waliandikwa kuwa wazito wa kujifunza. Mwaka 1977 mama zao waliishtaki bodi ya elimu. Smitherman ndiye aliyekuwa shahidi mtaalamu mkuu, naye aliwakusanya wataalamu wa lugha, akiwamo William Labov, waje kutoa ushahidi.

Jaji Charles Joiner alikwisha kuyatupa madai mengi ya mama hao. Lililobaki lilisimama juu ya sheria ya mwaka 1974 inayotaka vizuizi vya lugha viondolewe shuleni. Tarehe 12 Julai, 1979, alitoa hukumu: walimu, bila hata ya kukusudia, waliidharau lugha ya nyumbani ya watoto hao, na dharau hiyo ikawa kizuizi cha kujifunza kusoma. Bodi ikapewa siku 30 kuleta mpango wa kurekebisha mambo, na mpango wenyewe ukawa wa kuwafunza walimu. Kumbuka, ndugu msomaji, waliorudishwa darasani ni walimu.

Magazeti mengi yalipotosha habari, yakidai kwamba sasa watoto watafundishwa kwa lugha ya mitaani. La hasha. Smitherman hakupata kusema kwamba mtoto asijifunze Kiingereza sanifu. Alikuwamo katika kamati iliyoandaa azimio la mwaka 1974 la walimu wa uandishi wa vyuo, lililotambua haki ya wanafunzi juu ya lugha yao, na aliunga mkono sera ya mwaka 1988 iliyotaka watu wote wajue Kiingereza sanifu, wadumishe lugha au lahaja yao, tena wajifunze na lugha ya kigeni. Huo ni mzigo mkubwa zaidi, wala si mdogo. Bodi haikukata rufaa, kwa hiyo mahakama za juu hazikupata nafasi ya kulisemea suala hilo. Mimi naona hapo pana hasara.

Kazi yake ninayoipenda kuliko zote ilikuja baadaye. Alichukua mamia ya insha zilizoandikwa na vijana weusi katika mitihani ya taifa ya miaka ya 1980, akatenganisha mambo mawili ambayo wasahihishaji huyachanganya: sarufi kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili mtindo, yaani methali, mdundo wa mahubiri, visa, na tabia ya kumsemesha msomaji ana kwa ana. Sarufi ya nyumbani ilishusha alama. Lakini kadiri insha ilivyozidi kuwa na mtindo huo wa watu weusi, ndivyo alama zake zilivyopanda. Mtindo huo watoto hawakufundishwa shuleni; walitoka nao kanisani na vibarazani, kabla hawajashika kalamu.