Mtoto Asiyegeuka Aitwapo

Wazazi wapenzi,

Kazi yangu ni kuandika majina ya watoto katika kitabu cha ubatizo. Mwezi uliopita alikuja ofisini mama mmoja, mtoto mgongoni. Nilidhani ataka cheti. Kumbe sivyo.

"Mwalimu," akasema, "jina hili uliliandika wewe. Sasa ana miezi 14, namwita hageuki. Nikimtazama, macho yake huenda pengine. Mama mkwe asema ni laana. Baba yake asema sijui kulea. Je, kosa ni langu?"

Nilimjibu kwa yale niliyosoma, nanyi nawaambieni hayo hayo. Iko hali iitwayo usonji. Haiambukizi, wala si laana. Ni ubongo wa mtoto kukua kwa njia yake, na jambo hilo huanza kabla hajazaliwa. Daktari Leo Kanner, huko Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hiyo mwaka 1943. Kisha kwa miaka mingi madaktari wengi waliwalaumu akina mama, ati hawakuwapenda watoto wao. Walikosea, na neno hilo limekwisha kutupwa. Tena mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza aliihusisha chanjo ya surua na usonji. Mwaka 2010 jarida lililochapa habari zake lilizifuta. Basi msiwanyime watoto chanjo.

Mtazameni mtoto hivi. Afikapo mwaka mmoja, kwa kawaida hugeuka akiitwa jina lake. Afikapo mwaka mmoja na nusu, hunyosha kidole kukuonyesha ndege au mbuzi, halafu hukutazama usoni aone kama nawe umemwona. Asipofanya hayo, au akipoteza maneno aliyokwisha kuyajua, msingojee. Lakini dalili moja haitoshi. Watoto wengine huchelewa tu. Wengine hawasikii vizuri, kwa hiyo masikio yapimwe kwanza.

Mama yule alikwenda kliniki na kadi ya mtoto. Muuguzi akamwandikia barua ya hospitali ya wilaya. Masikio yalionekana mazima, naye ameambiwa arudi tena. Jibu hajapata bado. Hata hivyo amefundishwa kazi ya kufanya sasa: kukaa chini mbele ya mtoto, kucheza kile anachokicheza mwenyewe, kukitaja kwa neno fupi, kisha kungoja. Dawa ya kuondoa usonji haipo. Anayeiuza anataka fedha zenu. Msaada upo, na ukianza mapema hufaa zaidi.

Watu husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni kweli kwa adabu, lakini methali hiyo isigeuzwe fimbo ya kumpigia mama.

Jumapili iliyopita nilimwona baba wa mtoto huyo amekaa mchangani, akiviringisha kopo kumpelekea mwanawe. Mtoto hakumtazama. Baba akaliokota, akaviringisha tena. Enyi akina baba, fanyeni kama yeye. Na ninyi akina bibi, msaidieni mkwe kubeba mtoto kwenda kliniki, kuliko kumbebesha lawama.

Wenu,
Karani wa Parokia