MAARIFA YA MBAO: MVULE WA KWELI NA MVULE WA JINA

Mwenye nyumba atakaye mlango utakaowafaa wajukuu wake huagiza mbao za mvule, na kwa sifa hiyo hulipa bei kubwa. Lakini wako wauzaji wapakao rangi ya kahawia juu ya mbao hafifu, wakapokea fedha za mvule. Mnunuzi hutambua hasara yake mchwa wakisha kuingia nyumbani. Basi yampasa kuuamini ubao wenyewe, si maneno ya muuzaji.

Dalili ya kwanza ni rangi. Mvule uliopasuliwa karibuni ni wa manjano. Ukikaa katika hewa na mwanga hugeuka polepole kuwa kahawia. Kwa hiyo ubao wa zamani na upigwe randa kidogo: chini ya ile kahawia manjano yataonekana tena. Hata hivyo rangi peke yake si ushahidi wa kutosha, maana miti ya manjano ni mingi.

Dalili ya pili imo katika ncha ya ubao. Ncha ikatwe kwa kisu kikali, kisha itazamwe. Mvule una vitundu vikubwa vinavyoonekana kwa macho, na kila kitundu kimezungukwa na weupe. Pengine weupe huo hugusana ukawa mistari iliyokatika-katika. Mbao za misonobari na mitarakwa hazina vitundu hivyo kabisa. Atakayekosa kuviona asitoe fedha zake.

Dalili ya tatu maseremala huijua kwa meno ya misumeno yao. Ndani ya mvule pengine hujificha jiwe gumu la chokaa, lililofanyika mti ungali hai. Si kila ubao ulio nalo. Lakini likionekana, ni shahidi mzuri.

Liko neno moja zaidi, na wengi hulisahau. Hata mvule wa kweli si wote ulio imara. Moyo wa mti ndio unaowashinda mchwa. Sehemu nyeupe iliyo chini ya gome hubunguliwa upesi kama mti wo wote hafifu. Muuzaji aweza kuapa kwamba ubao ni mvule, naye akasema kweli, na mlango ukaharibika vile vile. Mnunuzi mwenye busara huagiza weupe huo ukatwe kwanza, ndipo ubao upimwe na bei itajwe.