MAJINA YA WAPAGAZI YAKO WAPI?



Katika kazi yetu ya reli jambo la kwanza asubuhi ni kuitwa majina. Nyapara hufungua daftari, kila mtu wa gangi huitika, ndipo nyundo na koleo hutolewa. Ambaye jina lake halimo hana mshahara wa siku hiyo, na akiumia hana fidia, hata kama amebeba mataruma tangu alfajiri. Wazee wa chama wanajua ni mara ngapi tumekwenda ofisini kugombana kwa ajili ya jina moja tu lililorukwa na karani. Basi msistaajabu tukiandika leo habari za majina yaliyorukwa tangu Vita Kuu ya 1914 hadi 1918.

Tulipokwenda Nairobi kwa mkutano, sisi wawili kutoka Malaba tulipita kuitazama ile sanamu ya askari iliyo katika barabara ya Kenyatta, ambayo zamani iliitwa Delamere. Ilisimamishwa mwaka 1928. Wako watu watatu wa shaba, na mmoja wao hana bunduki. Huyo ndiye mpagazi. Maneno yamechongwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanawataja askari, tena yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na mwisho yanaahidi ya kuwa mtu akipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Tukaizunguka sanamu ile pande zote tukiyatafuta majina. Halimo hata moja. Mwenzangu akacheka akasema, "Hii ni daftari ya mshahara yenye jalada zuri, ndani karatasi tupu."

Mtu asituambie kwamba majina hayachongeki. Katika makaburi ya Nairobi South yako majina ya Waingereza na Wahindi waliokufa katika vita hiyo hiyo. Na katika makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, ukumbusho wa vita ya pili una majina ya Waafrika, vijana wa Keya na wengineo wasio na kaburi linalojulikana. Jina la Mwafrika limechongwa na jiwe halikupasuka.

Tena serikali ya wakati ule ilijua sana kuandika. Mwaka 1915 ilitoa sheria ya kuwachukua watu kwa nguvu wakabebe mizigo. Vita ilipokwisha, kuanzia mwaka 1920, wanaume walivikwa kipande shingoni, chenye jina na alama za vidole, ili kibarua akitoroka kwa bwana wake ashikwe. Mtu alipotakiwa kwa kazi jina lake lilionekana upesi. Alipokwisha kufa, ikasemwa kwamba wapagazi ni wengi mno, na kwamba Mwafrika hawezi kufahamu maana ya jiwe la kaburi, hivyo ni kupoteza fedha bure. Sisi hatuyasemi haya kwa chuki. Tume ya Makaburi ya Vita yenyewe ilitoa taarifa mwezi wa Aprili mwaka 2021 ikakiri, na waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi mbele ya Bunge lao. Taarifa ile yasema watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa jina popote, na huenda idadi ikafika 350,000.

Walikufaje? Wachache kwa risasi. Mpagazi alitwikwa mzigo wa ratili hamsini hivi, akapita matope na misitu ya Tanganyika, akapewa posho ya unga wa mahindi pasipo kuni wala muda wa kuupika vizuri. Wengi walizoea wimbi na mtama. Tumbo likaharibika, ikaja kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwa jamaa zao, kwa sababu ile ile: jina halikujulikana.

Siku zile reli yetu ya Malaba haikuwako. Gari moshi lilikuwa limefika Kisumu mwaka 1901 na kukomea huko. Njia ya kupita Eldoret hadi Uganda ilijengwa katika miaka ya 1920. Kwa hiyo vijana wa huku walikwenda kwa miguu mpaka Kisumu, na wengine ndipo walipoona reli mara ya kwanza, wakapandishwa kama ng'ombe. Ndio watangulizi wetu katika kazi ya kubeba, wala hawakuwa na chama.

Wako ndugu wanaosema, watu hao walimtumikia mfalme aliyetutawala, ya nini kuwakumbuka? Twawajibu: hawakuulizwa. Aliyelazimishwa kazi hapotezi haki ya mshahara wake.

Hatuombi sanamu. Fedha za sanamu tunajua zitakakoingia. Tunataka majina, na hayo hayakupotea yote. Bibi mmoja wa Moding alitueleza kwamba ndugu ya babu yake alichukuliwa akiwa kijana, hajaoa, asirudi. Hakuna picha, hakuna barua. Lakini katika nyumba ile mtoto mmoja wa kila kizazi amepewa jina lake, na leo anayelibeba ni mvulana wa darasa la nne. Tukamwuliza mvulana kama anajua alipewa jina la nani. Akasema, "La yule aliyekwenda na mzigo."

Tuliposoma shule ya misheni tuliona kitabu cha Hesabu kinachosha, kurasa nzima za fulani mwana wa fulani. Sasa twafahamu kwa nini mtu alijisumbua kukiandika.

Tume ile imekuwa ikitafuta majina katika makaratasi ya zamani hapa Kenya. Isiachiwe makaratasi peke yake. Daftari imefunguliwa kwa katibu wa tawi, Malaba. Leteni jina, jina la baba yake, ateker yake, kijiji, na kama alirudi au hakurudi. Asiyeweza kuandika aje na mzee wake, tutamwandikia. Tunataka daftari isomwe kwa sauti Jumapili ya pili ya Novemba, saa nne asubuhi. Walio zamu siku hiyo wamwambie nyapara mapema.