Nani Aliyesema Pekupeku ni Aibu?

Yako maneno yanayosemwa hapa Lushoto kila nipitapo njia ya Irente asubuhi. Husemwa kwa sauti ya chini, kwa kuwa wengi wa wasemaji niliwafundisha, au niliwafundisha walimu wao. Eti mzee wa miaka sabini na ushei, mkuu wa chuo cha ualimu mstaafu, anakimbia pekupeku kama mtoto aliyetumwa chumvi dukani. Eti pensheni imekwisha. Eti watoto wake wamemtupa, hata raba hawamnunulii. Viatu ninavyo, ndugu zangu, tena jozi nne. Naviacha nyumbani kwa hiari yangu, na sababu nazieleza hapa ili anayetaka kubishana abishane na hoja, aziache nyayo zangu.

Mwaka 1998 niliumia goti la kulia katika mechi ya walimu na wanachuo. Nikaambiwa nipumzike, nikapumzika. Miezi ikawa miaka, goti likakakamaa, paja likakonda hata suruali ikapwaya upande mmoja. Huo ushauri wa "pumzika, mzee" ndio ninaoupinga kwanza. Siku hizi wataalamu wa viungo hufundisha kwamba goti lililosagika huhitaji misuli yenye nguvu ya kulishika, na misuli haipatikani kitini. Lakini kwetu mwenye goti bovu hupewa kiti, bakora na heshima, na heshima hiyo ndiyo inayommaliza.

Baada ya kustaafu, mtaalamu mmoja wa mazoezi alinishauri nianze kutembea milimani, kidogo kidogo. Kutembea pekupeku niliongeza mwenyewe. Nilianza kwa dakika tano juu ya nyasi nyuma ya nyumba, kisha kumi, kisha kwenye udongo wa njia ya shambani. Ilipita karibu miezi sita kabla sijathubutu kuchapuka mbio, na mwaka mzima kabla sijafikisha kilomita mbili bila kusimama. Wiki za mwanzo vigimbi viliwaka moto. Goti halikulalamika.

Kwa nini? Jaribu mwenyewe, msomaji. Ukivaa kiatu chenye kisigino kinene unaweza kurusha mguu mbele na kuubamiza chini upendavyo, maana sponji inakuficha usisikie. Vua, kisha ujaribu kubamiza kisigino kile kile juu ya changarawe! Unyayo hukataa papo hapo. Hatua hufupika na kuwa nyingi, goti hukunjika kidogo, mwili hutua kwa upole. Mzigo haupotei, ila sehemu yake huhama kutoka gotini kwenda kwenye kigimbi na ule ukano wa nyuma ya kisigino. Ndiyo maana anayeanza kwa pupa huponya goti akaua kigimbi.

Wataalamu wameyapima haya. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake, katika jarida la Nature, walieleza kwamba wakimbiaji waliozoea pekupeku, wakiwamo Wakalenjin wa Kenya, mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, na kishindo chao ni kidogo. Mashabiki wa ng'ambo wakashangilia, wakaanza kuuza viatu vya kuiga miguu mitupu (dunia haikosi wafanyabiashara). Mwaka 2013 watafiti wengine wakawapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu wasiovaa viatu tangu utotoni, wakaona kwamba katika mwendo wao wa kawaida wengi hutua kwa kisigino. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba pekupeku ni dawa ya kila goti. Nasema lilinifaa langu, na kwamba mguu una mifupa 26 isiyowekwa pale kwa mapambo.

Mashabiki hao hupenda kumtaja Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini Rome mwaka 1960 bila viatu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Wanasahau kwamba mwaka 1964 mjini Tokyo alishinda tena, safari hii kwa viatu, na kwa muda mfupi zaidi. Kwake kiatu kilikuwa chombo, kama jembe: unakichukua ukikihitaji. Ni sisi tuliokifanya cheti cha ustaarabu.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo hasa. Mwaka huo wa 1960, katika darasa letu, mwenye viatu alikuwa mmoja, mtoto wa karani, naye alivivua kila tulipopanga mbio ili apate kutufikia. Karani alivaa viatu, mkulima hakuvaa. Basi tukajifunza kumpima mtu kuanzia chini. Ukoloni uliondoka, kipimo kikabaki. Nimeona, katika shule zaidi ya moja, mtoto akitolewa kwenye mstari wa mbio kwa kuwa hana raba, na mwingine akiachwa akimbie na kiatu cha mitumba kilichomzidi namba mbili, anapwaya na kuanguka. Tunamwita wa pili nadhifu! Ni katika nchi hii hii, kule Laetoli, ambako mwaka 1978 kikosi cha Mary Leakey kilifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili katika majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Sijasikia mgeni hata mmoja akizicheka.

Wataniuliza juu ya safura. Wana haki. Minyoo yake huingia kwa ngozi ya miguu, na dawa yake ni choo safi na viatu uendapo penye uchafu. Mtoto wa shule anavihitaji, na anayeweza kumnunulia amnunulie. Funza nao wapo. Mwenye kisukari asithubutu kuvua, kwa sababu mguu wake unaweza kufa ganzi akachomwa asijue. Mimi nimechanja pepopunda, na kila nirudipo naosha miguu na kuikagua. Lakini uwanja wa nyasi uliofagiliwa, dakika moja ya mbio, mtoto mzima wa afya: hapo safura inatajwa ili kuificha aibu.

Nimewaomba walimu wa shule moja jirani waliondoe sharti la raba katika mbio za watoto. Wamesema suala litapelekwa kwenye kikao cha wazazi. Nitahudhuria, na nitavaa viatu, maana njia ya kwenda huko inapita nyuma ya baa na imejaa vipande vya chupa.