Pipa Lililo Nyuma ya Chupa

Chupa ya mililita 100 ya parasetamoli ya watoto ina gramu 2.4 tu za parasetamoli. Kilichobaki ni maji, sukari au sobitoli, rangi, ladha, na kiyeyushi kilichoongezwa kwa sababu maji peke yake hayatoshi. Mililita moja ya maji huyeyusha takriban miligramu 14 za parasetamoli, kwa hiyo kijiko cha mililita 5 hakiwezi kuzidi miligramu 70, ilhali lebo inaahidi 120. Mtengenezaji ana njia mbili. Ama auache unga uelee na mama aambiwe atikise chupa. Asipotikisa, kijiko cha kwanza huwa hafifu na cha mwisho huwa kikali. Ama aongeze glisirini au propilini glaikoli, unga uyeyuke wote. Makala nyingi za toleo hili zinahusu dawa. Utangulizi huu unahusu kiyeyushi, ambacho kimepuuzwa mno.

Aprili 2024 Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya iliagiza bechi moja ya Benylin ya watoto, iliyotengenezwa Afrika Kusini, iondolewe sokoni baada ya maabara ya Nigeria kutangaza kuwa ina daiethilini glaikoli, sumu inayofanana na glisirini, nyingi kupita kiasi. Mwenye chapa alijibu kuwa vipimo vyake havikuiona sumu hiyo. Kuanzia Nairobi hadi Webuye na Kitale, kazi iliyowaangukia wenye maduka ya dawa ilikuwa kupekua rafu na kusoma namba za bechi. Mabishano yaliyofuata yalihusu jina la chapa na nchi ilikotoka, na ni mabishano ya kivivu. Namba ya bechi haisemi glisirini ilinunuliwa kwa nani, wala kama pipa lake lilipimwa.

Kisa chenyewe ni cha zamani. Mwaka 1937, nchini Marekani, kampuni ya Massengill iliyeyusha salfanilamaidi katika daiethilini glaikoli, ikakagua ladha, harufu na rangi, isikague sumu. Watu zaidi ya 100 walikufa. Nigeria ilizika watoto mwaka 1990 na tena 2008, Haiti 1996, Gambia 2022. Dalili hazibadiliki: mtoto aliyekuwa na homa tu anaacha kukojoa, anavimba, na figo zinakufa.

Kisa cha Panama cha 2006 ndicho kinachofaa kusomwa polepole. Mapipa yalitoka China yakiitwa glisirini, yakapitia kwa dalali wa Hispania, yakafika kwa mwagizaji wa Panama, kisha yakaingia katika dawa ya kikohozi iliyotengenezwa na taasisi ya serikali. Katika kila mkono karatasi ilinakiliwa na muhuri mpya ukapigwa. Aliyefungua pipa na kupima hakuwepo. Daiethilini glaikoli ni kiyeyushi cha viwandani. Haina rangi, ni nzito, ni tamu, na bei yake ni ndogo kuliko ya glisirini safi. Macho, pua na ulimi haviwezi kuitofautisha. Kiwango kinachovumiliwa ni asilimia 0.10, na kiwango hicho hakisomeki kwenye cheti cha muuzaji.

Kukipima si muujiza. Mashine ya kromatografia ya gesi ni ghali, kweli, lakini Shirika la Afya Duniani limekubali hatua ya kwanza iliyo nyepesi zaidi: kromatografia ya tabaka jembamba, yaani bamba la silika, tone la sirapu, tone la kulinganishia na chombo cha kioo chenye mfuniko. Bamba likionyesha shaka, ndipo sampuli ipelekwe kwenye mashine kubwa Nairobi. Kaunti ya Bungoma, iliko Webuye, haihitaji jengo jipya kwa hilo, ingawa majengo mapya ndiyo huzinduliwa kwa utepe.

Wakenya tayari wanaijua hila hii katika chupa nyingine. Mei 2014 makumi ya watu walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, kiyeyushi cha viwandani kilichochukua nafasi ya ethanoli. Tangu hapo mlevi huiogopa methanoli kwa jina. Daiethilini glaikoli bado haina mtu wa kuitaja.

Kiyeyushi cha pili hutiwa nyumbani. Unga wa amoksisilini hufika mkavu, na maji ya Webuye, ya Kampuni ya Maji ya Nzoia au ya chemchemi, ndiyo huumaliza. Yachemshwe, yapoe, nusu itiwe kwanza, chupa itikiswe, povu litulie, kisha maji yafikishwe kwenye mstari. Chupa ya mililita 100 ikijazwa hadi 120, kijiko cha miligramu 125 hushuka hadi 104, na mtoto mwenye nimonia hana akiba ya kupunjwa.

Katika toleo hili, makala kuhusu gome la mti wa Prunus africana wa Mlima Elgon inakumbusha jambo zuri: maji ya kuchemsha hayatoi mafuta yaleyale yanayotolewa na viyeyushi vya viwanda vya Ulaya, kwa hiyo utafiti wa vidonge vya huko hauithibitishi chupa ya sokoni Kitale. Ile ya ethanoli katika dawa za tumbo za watoto wachanga ni fupi na sahihi.

Makala ndefu kuliko zote inahusu vidonge vinavyoyeyuka kwenye kijiko: amoksisilini ya miligramu 250, na dawa ya malaria ya Coartem iliyotolewa kwa umbo hilo mwaka 2009. Mwandishi anavisifu kwa bei na kwa wepesi wa kusafirisha. Sifa kubwa zaidi ameiacha: havina glisirini wala glaikoli, hivyo pipa bovu halina pa kuingilia. Kinachovizuia madukani ni imani kwamba dawa ya mtoto lazima iwe ya maji, pamoja na faida ambayo muuzaji huipata kwenye chupa na haipati kwenye kidonge.