Deni la HELB na digrii ya Fizikia: hesabu niliyomfanyia binamu yangu

Mnisamehe wasomaji kwa kimya cha wiki mbili, kazi zilinilemea. Leo siandiki kuhusu programu mpya wala simu mpya. Naandika kuhusu pesa.

Jumamosi binamu yangu, binti ya mjomba, alinipigia simu kutoka Nakuru. KUCCPS imempa nafasi ya kusomea Shahada ya Sayansi katika Fizikia, kozi aliyoichagua mwenyewe. Mjomba hataki hata kuisikia. Anamtaka aombe kuhamishiwa teknolojia ya habari, "kama kaka yako", kwa sababu watu wa kompyuta eti hupata kazi haraka, na mkopo wa HELB haulipwi kwa kuhesabu nyota. Siku za kuomba uhamisho zinaisha. Akaniuliza: "Kaka, wewe umesoma kompyuta na umelipa huo mkopo. Niambie ukweli, niache?"

Nilimwambia anipe usiku mmoja, nikaketi na jedwali la Excel.

Nilianza na deni langu mwenyewe, maana ndilo ninalolijua. Nilikopa shilingi 45,000 kila mwaka kwa miaka 4, jumla 180,000. Riba ya HELB kwa digrii ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka. Kwa 180,000 hiyo ni shilingi 7,200 kwa mwaka, yaani 600 kwa mwezi. Ni nauli ya matatu ya siku chache tu! Sijaona benki itakayomkopesha kijana asiye na kazi wala shamba kwa bei hiyo. Kwa hivyo anayesema riba ya HELB itakuua hajakokotoa.

Kilichoniumiza mimi ni kitu kingine. Unapomaliza masomo unapewa mwaka 1 kabla ya kuanza kulipa. Ukipita bila kulipa, adhabu ni shilingi 5,000 kila mwezi. Mwaka wangu ulipoisha nilikuwa ninaishi kwa vibarua: leo tovuti ya duka la vifaa vya ujenzi, kesho kuunganisha malipo ya M-Pesa kwa mtu anayeuza keki. Sikuwa na mshahara, nikaona aibu, nikanyamaza. Sikupiga simu, sikuandika barua pepe, nilijifanya deni halipo. Nilinyamaza miezi 9. Kosa lilikuwa langu kabisa. Miezi 9 mara 5,000 ni 45,000, pesa zilezile nilizokuwa nakopa kwa mwaka mzima wa chuo. Na huo mwaka wa ziada sikuhudhuria hata kipindi kimoja.

Na kumbukeni, mimi nilisoma kompyuta, hiyo kozi ya kupata kazi haraka.

Turudi kwa binamu yangu. Mambo yake si kama yetu. Sisi wa serikali tulilipa karo ya 16,000 kwa mwaka. Mfumo ulioanza 2023 unahesabu gharama ya kozi yenyewe, kisha unaigawanya kati ya ufadhili wa serikali, mkopo na familia, kulingana na bendi uliyowekwa. Kwa bendi ya 3 mgao ni asilimia 50 ufadhili, 30 mkopo na 20 mzazi. Tuseme kozi inagharimu 200,000 kwa mwaka. Nimechagua namba rahisi tu, yako ipo kwenye barua yako. Mkopo wa karo ni 60,000. Ongeza mkopo wa matumizi, tuseme 50,000. Jumla ni 110,000 kwa mwaka, 440,000 kwa miaka 4. Zaidi ya mara mbili ya deni langu.

Hapo mjomba ana haki ya kuogopa, na kuna mzigo wake mwenyewe: 40,000 kila mwaka kutoka mfukoni, na nyuma ya binamu yangu kuna wadogo wawili.

Lakini tazameni. Riba ya 440,000 ni 17,600 kwa mwaka, kama 1,470 kwa mwezi. Adhabu ya mwaka mmoja ni 60,000. Nilipobadilisha namba kwenye jedwali, ile iliyosogeza matokeo kuliko zote ilikuwa idadi ya miezi kati ya mwisho wa ule mwaka 1 wa kusubiri na shilingi ya kwanza ya kulipa. Jina la digrii lilikuwa nyuma sana.

Je, Fizikia inaurefusha muda huo? Ndiyo, kwa kiasi, na sitamficha. Shahada ya Sayansi peke yake haikufanyi mwalimu. Ili TSC wakusajili unahitaji pia stashahada ya uzamili ya ualimu, na hiyo ni karo nyingine na muda mwingine bila mshahara. Uhandisi nao wana bodi yao, mwanafizikia hasajiliwi huko. Kazi za Fizikia yenyewe zipo: Idara ya Hali ya Hewa, maabara za vipimo za KEBS, jotoardhi kule Olkaria ambako si mbali na kwao, mamlaka ya kudhibiti nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya 2019, na Shirika la Anga la Kenya ambalo setilaiti yake, Taifa-1, ilirushwa Aprili 2023. Zipo, ila nafasi si nyingi, na hazimngoji mtu mlangoni.

Ndiyo maana nilimwambia abaki, kwa sharti moja. Kabla ya kuingia mwaka wa 4 awe na kitu kinachomletea pesa, hata 3,000 kwa mwezi. Fizikia itampa hesabu ngumu na mazoea ya kutoamini namba hadi aipime. Ajifunze Python juu ya hayo, mapema, na uchambuzi wa data. Nimefanya kazi na mwanafizikia mmoja aliyekuwa akinisahihishia takwimu zangu kila wiki, na digrii ya kompyuta ninayo mimi! Akishindwa na hayo, afundishe watoto wa jirani Hisabati jioni. Na mwaka wa kusubiri usiishe kabla hajawaandikia HELB kuwaeleza hali yake na kuuliza aanze kulipa vipi. Asifanye nilivyofanya.

Kuhamia kozi asiyoipenda kwa sababu ya mshahara wa mwezi wa kwanza, hapana. Katika kikundi chetu cha WhatsApp cha darasa wapo waliokuja kompyuta kwa sababu hiyohiyo, na bado tunatumiana matangazo ya kazi usiku.

Jedwali nimemtumia, na safu ya miezi nimeiacha wazi ajaze mwenyewe. Jana alinijibu kwamba amejaza 14, na kwamba mjomba ameiona. Mjomba anasema nimpigie simu Jumapili baada ya kanisa, ana maswali kuhusu hiyo 40,000.